Mto wa kabari wa fundi makochi, Mtwara: nyota nne kwa anayesubiri upasuaji wa kichwa

Mwenye kifuko cha maji kwenye ubongo kinachobana huumwa kichwa zaidi alfajiri kuliko jioni, na mara nyingi hutapika kabla hata ya chai. Si jini wala usingizi mbaya. Ukilala chali, damu ya kichwani hushuka taratibu kurudi moyoni. Usingizini pumzi nazo hupungua, kabonidayoksaidi huongezeka kwenye damu na mishipa ya ubongo hutanuka, wakati fuvu lenyewe halitanuki. Ndiyo maana wodini wanainua kitanda upande wa kichwa kwa nyuzi 30 hivi. Nyumbani Chuno au Mikindani kitanda ni cha chaga, hakikunjiki, na tarehe ya upasuaji MOI, taasisi ya mifupa na ubongo kule Muhimbili, Dar, bado haijafika.

Dawa ya wengi ni kurundika mito mitatu. Hapo kosa ni shingo. Mito huinua kichwa peke yake, kidevu hukaribia kifua, mishipa ya shingo inayoteremsha damu hubanwa, na maumivu yanaweza kuzidi. Mito ya sufi ndiyo mibaya kuliko yote kwa kazi hii: saa nane usiku imeshabonyea na kuhama. Wengine huweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kitanda cha sentimita 190 ukikiinua kwa 20 unapata nyuzi 6 tu, na mgonjwa anaamka ameteremkia miguuni.

Kabari ya sponji huinua kuanzia kiunoni. Vipimo vya mtu mzima tunavyopendekeza ni hivi: upana 60, kitako 65, kimo upande wa kichwa sentimita 37 na nusu. Mteremko utatoka 75. Fundi hana haja ya kipima pembe. Mwambie kimo kiwe nusu ya mteremko, basi hizo ni nyuzi 30. Bonge moja la 65 kwa 60 kwa 37 na nusu likikatwa mshazari linatoa kabari mbili sawa, kwa hiyo kabla hujalipa tafuta mwenzako wa kugawana naye, au ya pili ibaki kwa ndugu wa Dar atakakofikia mgonjwa.

Kwenye sponji ndipo watu wanapopigwa. Kwa macho, nyepesi na nzito zinafanana, na fundi atabonyeza kwa kiganja aseme “hii ngumu hii.” Peleka kabari kwenye mizani kabla haijavikwa kitambaa. Kwa vipimo hivyo, ikiwa chini ya kilo moja na nusu, irudishe: itabonyea mapema. Kilo mbili na kidogo ndiyo yenyewe. Ikifika kilo nne au tano umepewa vipande vilivyosagwa na kugandishwa. Haitabonyea, ila mgongo utalalamika kama umelala juu ya jamvi tupu. Kisha mgonjwa alale juu yake, upime kimo tena. Kikishuka hadi 30, umebaki na nyuzi 25 tu.

Gundi ya kuunganishia tabaka inanuka vikali na humchefua hata mzima. Ianike kivulini kwenye upepo siku tatu. Juani sponji huchakaa na kuwa unga.

Nyota ya tano imeliwa na foronya. Fundi amezoea kochi, atataka kukuvalishia reksini. Joto la kaskazi la Mtwara na reksini havipatani: mgonjwa analoa jasho, anateleza, halali. Dai kitambaa cha pamba chenye zipu ya kufulia, na mikanda miwili ya kufunga kwenye chaga kabari isihame. Khanga iliyoviringishwa chini ya magoti inazuia mwili kuteremka, na kimto chembamba kinatosha kichwani.

Kitu ambacho hakuna fundi atakayekuambia ni chandarua. Kichwa kikipanda karibu sentimita 40, neti ya duara inamgusa usoni na mbu wanamng'ata juu kwa juu. Tumia ya pembe nne, upandishe kamba.

Haimfai kila mtu. Vifuko vingi vya araknoidi, yaani hivi vya maji kwenye utando wa ubongo, hukaa kimya maisha yote na havibani chochote. Huyo hahitaji kabari. Aliyewekewa mpira wa kushusha maji ya ubongo tumboni, kisha akaumwa kichwa akikaa na kupata nafuu akilala, huenda maji yanatoka kupita kiasi: asilalie kabari, amwone daktari. Wanaolala ubavu nao wataumia bega. Kwa mwenye degedege, sponji ngumu ni afadhali kuliko mito laini inayoweza kumziba pua, lakini akianza kutikisika mshushe kwenye godoro tambarare, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5, hospitali.

Kabari haipunguzi kifuko. Kichwa kisichotulia, kutapika mfululizo, kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, au usingizi usioamshika: hapo tarehe ya upasuaji haisubiriwi, ni hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini usiku huohuo.

Kwa safari ya Dar, mwombe fundi aikate vipande viwili kwa upana, 30 na 30, ndani ya foronya moja. Vinaingia kwenye shangazi kaja. Ndani ya basi usihangaike nayo. Laza kiti nyuma kidogo, shingo ikae wima.