Chekapu ya moyo hapa Dom (Dodoma): vipimo safi, ila lile kopo la vitamini C mniache

Nimetoka kufanya chekapu ya moyo kwenye kituo kimoja binafsi hapa Dom, jina nalihifadhi sababu kuna kitu nakilalamikia hapo chini. Kifurushi ni presha, sukari, kolestro na ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), elfu hamsini na tano, majibu siku hiyohiyo. Yule dada wa ECG nampa maksi zote, kaninyoa vinyweleo vya kifuani kwa wembe alioufungua mbele yangu, akapaka jeli ya baridi, akabandika waya zake taratibu, na karatasi ilivyotoka akanionyesha mstari kwa mstari. Dokta naye hakunipamba, kanambia bwana ECG yako iko poa lakini isikupe kiburi, mshipa unaweza ukawa umeshaanza kuziba na ukiwa umejilaza hapo kitandani kisionekane kitu, mi naangalia hii LDL, yaani kolestro mbaya, iliyopanda, hicho kitambi, na mzee wako aliyepata shambulio la moyo hajafika hata miaka 55.

Sasa dirishani kwa kulipia ndo kuna sinema. Jamaa anakusukumia kopo la vitamini C za kuyeyusha, miligramu 1000, eti zinasafisha mafuta kwenye mishipa, elfu ishirini na tano! Hii habari si ya leo, Linus Pauling aliipigia debe sana, yule mwanasayansi wa Kimarekani mwenye Nobel mbili, si mtu wa mchezo, ila Marekani walichukua madaktari zaidi ya 14,000 wengine wakawa wanameza miligramu 500 kila siku, karibu miaka 8, majibu yametoka 2008 na shambulio la moyo wala kiharusi havikupungua. Afu mwanaume anahitaji kama miligramu 90 tu kwa siku, pera moja kubwa umemaliza, na sisi watu wa ubuyu kuuziwa vitamini C ya kopo ni maajabu (nasema ubuyu wa unga, ule wa rangi na sukari ni pipi). Kibaya zaidi dozi kubwa inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo, kolestro ikasoma chini kuliko ilivyo, sasa unamuuziaje mtu uliyemwambia arudi kupima tena?

Nyota nne, moja nimekata sababu ya kopo. Eko (ultrasound ya moyo) hawana, ukihitaji wanakuandikia uende Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wahi asubuhi hujala kitu maana ikifika saa nne foleni iko nje juani.