Biblia ya Union na Habari Njema: ipi ya kushika ukiuliza kama msalaba ulipangwa na Mungu

Anayetaka kulichimba swali hili, kama kusulubiwa kwa Yesu kulikuwa kusudi la Mungu tangu mwanzo au ni uovu wa watu ambao Mungu aliugeuza baadaye, anunue Biblia ya Union kwanza, na Habari Njema iwe ya pili. Ukienda na Habari Njema peke yake utapata jibu upesi mno. Si jibu la uongo, ila mfasiri ameshakutafunia.

Kwanza uhakikishe unachonunua. Jaladani mara nyingi pameandikwa "Biblia" tu au "Maandiko Matakatifu", na muuzaji asiyezijua atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake. Fungua ukurasa wa haki za kunakili. Union hutajwa hapo kwa jina pamoja na mwaka 1952. Ilikuja kuwaunganisha wasomaji waliokuwa na Biblia mbili, ile ya Kiunguja ya 1891 na ile ya Kimvita ya 1914. Habari Njema ni ya miaka ya 1990, kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kwa Kiswahili cha leo. Zote mbili hutolewa na Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya.

Pa kuanzia ni Matendo 2:23, hotuba ya Petro siku ya Pentekoste. Union inasema: "mtu huyu alipotolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na kwa kujua kwake tangu zamani, ninyi mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya, mkamwua". Hapo kuna mambo matatu, na kila moja lina uzito wake: shauri lililokusudiwa, kujua tangu zamani, na "ninyi mkamsulibisha". Kigiriki nacho kina maneno mawili tofauti kwa hayo mawili ya kwanza. Habari Njema inaanza na "Kufuatana na mpango wake mwenyewe", halafu inasema Mungu alikwisha amua. Inasomeka vizuri sana kwa sauti kanisani. Lakini kule "kujua" hukuoni tena kama jambo linalosimama peke yake. Kumemezwa na mpango.

Hasara hiyo si ndogo, kwa maana ni juu ya maneno hayo mawili Wakristo wamegawanyika. Wanaomfuata Calvin, mwalimu wa Waprotestanti wa karne ya 16, husimama kwenye shauri: Mungu alijua kwa sababu alikusudia. Wanaofuata mkondo wa Arminius na Wesley, walimu wa Kiprotestanti waliotetea hiari ya mtu, huegemea kule kujua: Mungu aliona tangu zamani watu watakavyotenda kwa hiari yao, akalijenga kusudi lake humo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu cha mafundisho yake, namba 599 na 600, inakataa kwamba kifo hicho kilitokea kwa bahati mbaya, kisha inasema Mungu alipoweka mpango wake aliingiza ndani yake jibu huru la kila mtu. Mwenye Habari Njema tu mkononi hataona ugomvi huu unatokea wapi.

Ila Union nayo ina mtego katika neno hilohilo. "Shauri" la 1952 si shauri la leo. Leo shauri ni kesi mahakamani, au ni lile la kumwambia mtu "shauri yako". Msibani tunasema "ni shauri ya Mungu", tukimaanisha kwamba limeshatokea na hakuna la kufanya. Msomaji akiingia Matendo 2 na maana hiyo ya msibani, msalaba unageuka kuwa ajali iliyopokelewa kwa uchungu. Neno la Kigiriki linataja jambo lililofikiriwa na kukatwa kabla halijatendeka. Hapa Habari Njema ndiyo inayookoa, kwani "mpango" haukosewi na mtu. Ndiyo maana tunasema zikae mbili mezani.

Waraka wa kwanza wa Petro 1:20 ni jaribio zuri la pili. Union: "Naye amejulikana kweli tangu zamani, kabla haijawekwa misingi ya dunia". Habari Njema inasema aliteuliwa. Kigiriki kina kitenzi cha kujua kabla, na Union imekishika kama kilivyo. "Kuteuliwa" ni tafsiri inayotetewa na wataalamu wengi, lakini ni hatua moja mbele ya neno lenyewe, na msomaji ana haki ya kujua kwamba hatua hiyo imepigwa.

Ufunuo 13:8 umeleta mabishano mengi zaidi. Union inamtaja "Mwana-Kondoo, aliyechinjwa tangu kuwekwa misingi ya dunia". Wahubiri wengi wameujengea hapo mlima mzima: msalaba ulikwisha kuamuliwa kabla ya Adamu. Sasa fungua Habari Njema. Humo maneno "tangu mwanzo wa ulimwengu" yamehamia kwenye majina yaliyoandikwa katika kitabu cha uzima. Mwanakondoo amechinjwa tu, bila kutajwa lini. Sarufi ya Kigiriki inaruhusu njia zote mbili. Union inafuata mpangilio wa maneno jinsi yalivyokaa. Habari Njema inapata nguvu kwenye Ufunuo 17:8, ambapo ni majina ndiyo yanayosemwa hayakuandikwa tangu kuwekwa misingi ya ulimwengu, wala Mwana-Kondoo hatajwi. Kwa hiyo usiusimamishe mlima huo juu ya aya hii peke yake. Matendo 4:27-28 inabeba mzigo huo vizuri zaidi: Herode, Pontio Pilato, Mataifa na watu wa Israeli walikusanyika "ili wafanye yote ambayo mkono wako na mashauri yako yamekusudia tangu zamani yatokee". Hapo hakuna utata wa sarufi.

Katika Isaya 53 Union imechoka, na lazima tuseme wazi. Aya ya 10 inasema "BWANA aliridhika kumchubua". Kwa Kiswahili cha leo kuchubua ni kukwaruza ngozi ya juu, na kijana wa mjini akilisikia neno hilo anawaza mkorogo. Kiebrania kinasema kuponda, kusagwa kwa mtu mzima. Tena "aliridhika" ni neno jepesi mno. Kitenzi cha Kiebrania kinachofungua aya hiyo kina shina moja na neno "mapenzi" linaloifunga, pale penye "mapenzi ya BWANA yatafanikiwa mkononi mwake". Aya inaanza na mapenzi ya Mungu na kuishia hapohapo, na msomaji wa Union hana namna ya kuliona hilo. Andika pembeni kwa penseli: kumponda, na mapenzi mara mbili.

Kuna uzi mwingine unaokatika. Kigiriki hutumia kitenzi kimoja kwa alichofanya Yuda, alichofanya Pilato, na alichofanya Baba. Union inaandika "amsalitiye" kwa Yuda (Luka 22:22), "akamtoa Yesu" kwa Pilato (Marko 15:15), na "alimtoa kwa ajili yetu sisi sote" kwa Mungu (Warumi 8:32). Kwa Kiswahili huwezi kusema Mungu alimsaliti Mwanawe, kwa hiyo mfasiri hana kosa. Lakini jambo lenyewe ni zito: tendo lilelile limetoka mikono mitatu, na nia ni tatu. Yusufu aliwaambia ndugu zake kitu cha namna hiyo katika Mwanzo 50:20, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema". Na Luka 22:22 inaziweka nusu zote mbili katika sentensi moja: Mwana wa Adamu aenda zake "kama ilivyokusudiwa", kisha "ole wake mtu yule". Kusudi la Mungu halikumfutia Yuda ole wake.

Kasoro ya zote mbili ni "watu wabaya" katika Matendo 2:23. Neno la Kigiriki ni watu wasio na sheria, na katika kinywa cha Myahudi kama Petro linawaelekea Warumi, watu wasio na Torati. Likibaki "wabaya" tu, askari wa Pilato hawaonekani na lawama yote inawaangukia Wayahudi. Madhara ya usomaji huo yanajulikana, na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1965 ulisema bayana kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Mwalimu wa Biblia aliseme hili kabla hajasoma aya hiyo darasani.

Tafsiri iitwayo Neno: Bibilia Takatifu, ya shirika la Biblica, ni nzuri ikiwa ya tatu. Katika Ufunuo 13:8 inakubaliana na Union.

Ukifika dukani, chagua Union yenye marejeo chini ya ukurasa. Bila marejeo utapoteza muda mwingi kuzitafuta aya ndugu. Tazama mgongo wa kitabu kwa juu. Ukiona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa na uzi katikati, imeshonwa. Ikiwa ni gundi tupu, itapasuka pale inapofunguliwa mara nyingi, na kwa somo hili utakuwa unarudi Isaya, Luka na Matendo kila siku. Kalamu za rangi zenye majimaji hupenya hadi upande wa pili wa karatasi. Mkatoliki, au yeyote anayetaka Hekima 2:12-20, pale waovu wanapopanga kumwua mwenye haki kifo cha aibu, aombe Habari Njema yenye Deuterokanoni, yaani vitabu vya Agano la Kale ambavyo Biblia za Kiprotestanti kwa kawaida hazina, kwa kuwa nyingine haina kitabu hicho.

Kwenye simu, Biblia zote mbili zinapatikana bure, ila kutafuta neno kuna kikwazo. Union huandika "sulibisha", Habari Njema "sulubisha". Ukiandika la pili ndani ya Union utaambiwa hakuna kitu. Union huandika "Mwana-Kondoo" kwa kistari na "Mwana wa Adamu". Mwenzake huandika "Mwanakondoo" na "Mwana wa Mtu". Ndani ya Union tafuta pia "imempasa" na "haikumpasa". Utafika Marko 8:31 na Luka 24:26, ambako Yesu mwenyewe anazungumzia mateso yake kama jambo lisiloepukika. Habari Njema katika Marko inasema "Ni lazima", na hapo tunaipa alama zote.