Kuku mtamu, ila sisi watu wa kanisani mmh

Huu mgahawa karibu na kanisa letu hapa Houston nawapa nyota nne, kuku wa kukaanga anakuja wa moto, chai ya barafu wanakujazia hata hujaomba, na dada aliyetuhudumia alikuwa anakimbizana na meza kama sita peke yake maana Jumapili mchana tumetoka ibada wote na njaa zetu. Nyota ya tano nimewanyima wateja aisee. Meza ya jirani wamesali kwa sauti mpaka kuku akapoa, halafu wakaacha kikaratasi cha "Yesu anakupenda" na senti hakuna! Hapa Texas bosi anaruhusiwa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, zingine zitoke kwenye tipu, yaani bakshishi ya wateja. Kikaratasi kinalipa kodi ya nyumba kweli?