Tiketi za bei nafuu za treni nchini Ujerumani: Sparpreis na programu ya DB Navigator

Msafiri aliyezoea SGR ya Tanzania, au ile ya kati ya Nairobi na Mombasa, anajua kwamba nauli ya kila daraja hupangwa na kutangazwa, na kwamba aliyekata tiketi wiki mbili kabla na aliyeikata siku ya safari hulipa sawa, ilimradi nafasi ipo. Ujerumani mambo hayaendi hivyo. Katika treni ya mwendokasi ya ICE itokayo Berlin kwenda München, safari ambayo treni za haraka zaidi huimaliza kwa muda usiofika saa 4, abiria wawili waliokaa bega kwa bega katika daraja la pili wanaweza kuwa wamelipa mmoja chini ya euro 30 na mwenzake zaidi ya euro 150. Viti ni vilevile na behewa ni lilelile. Kilichowatofautisha ni siku waliyokata tiketi na kiasi cha uhuru ambacho kila mmoja alikubali kuiachia kampuni. Tathmini hii inahusu tiketi za bei ya chini ambazo Deutsche Bahn, kampuni ya reli ya Ujerumani, inaziuza kwa majina ya Sparpreis na Super Sparpreis, pamoja na programu ya simu ya DB Navigator inayotumika kuzikata, na nimewafikiria zaidi wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na ndugu zao wanaokuja kuwatembelea.

Nauli ya juu, Flexpreis, humruhusu abiria kupanda treni yoyote ya njia aliyolipia katika siku aliyoichagua. Chini yake ipo Sparpreis, ambayo humfunga abiria kwenye treni ya masafa marefu aliyoichagua lakini inaweza kufutwa kabla ya siku ya safari kwa kukatwa ada ya euro 10. Chini kabisa ipo Super Sparpreis, ambayo huanzia chini ya euro 20 na ambayo ukishailipia fedha hairudi hata ukiugua. Kila treni imetengewa idadi fulani ya nafasi za bei ya chini, na zikishanunuliwa bei hupanda ngazi moja, kisha nyingine, hadi tofauti na Flexpreis inakuwa ndogo. Ndiyo maana Ijumaa alasiri na Jumapili jioni, wanafunzi na wafanyakazi wanapokwenda makwao na kurudi, nauli hupaa, ilhali mchana wa Jumanne au Jumatano nafasi nafuu bado hupatikana hata zikiwa zimebaki siku chache. Mara nyingi tofauti kati ya Sparpreis na Super Sparpreis ni euro chache tu, na kwa safari yoyote yenye shaka ndogo ningelipa hizo chache bila kusita.

Programu yenyewe, kwa upande wa kutafuta bei, imetengenezwa kwa akili. Ukichagua mwonekano wa bei bora, siku nzima hukatwa katika vipande vya saa kadhaa, na juu ya kila kipande huandikwa bei ya chini kabisa inayopatikana humo, kiasi kwamba kwa kutazama mara moja unaona kuwa kuondoka alfajiri kutakuokolea nusu ya nauli, au kwamba kusogeza safari kwa siku moja kuna faida kuliko kuhangaika na saa. Watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure wakiwa na mtu mzima, lakini sharti waingizwe kwenye tiketi wakati wa kukata. Familia nyingi huijaza sehemu ya watu wazima kwa makini kisha huiruka ya watoto kwa kudhani kwamba anayesafiri bure hahitaji kuandikwa. Walio chini ya miaka 6 hawahitaji tiketi kabisa. Nafasi ya kukaa ni jambo jingine: tiketi inakupa haki ya kusafiri, si kiti, na anayetaka kiti chenye namba hulipa zaidi ya euro 5 juu ya nauli. Kwa safari ya dakika 40 gharama hiyo haina maana. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni anayesafiri Ijumaa jioni, ni fedha iliyotumika vizuri.

Kasoro yake kubwa ni namna inavyopanga safari za kubadilisha treni. Programu hupenda kukupa njia fupi zaidi kwenye karatasi, hivyo inaweza kukupangia dakika 7 za kushuka treni moja katika stesheni kubwa kama Hannover, kutelemka ngazi, kupita chini ya reli na kupanda jukwaa jingine ukiwa na masanduku mawili. Wenyeji huwahi, wakati mwingine. Mgeni anayekuja na kilo 46 za mizigo, nusu yake ikiwa ni unga na samaki wakavu wa shangazi, hawezi. Ndani ya vichujio vya utafutaji kuna mahali pa kuweka muda wa chini wa kubadilisha treni, na ninamshauri kila mtu auweke usipungue dakika 20, hata kama safari itaongezeka nusu saa. Bei mara nyingi haibadiliki, na pengine hushuka, kwa sababu njia ndefu kidogo haina wagombanizi wengi.

Sasa tuje kwenye kifungo cha treni, ambacho ndicho kiini cha mapatano haya. Kwenye tiketi huandikwa Zugbindung, na maana yake kwa vitendo ni kwamba ukikosa treni yako kwa sababu zako mwenyewe, iwe ni usingizi, basi la mjini au mgeni aliyekawia kuaga, tiketi imekufa, na mkaguzi akikukuta katika treni inayofuata atakutoza nauli nyingine. Lakini sharti hilo lina mlango wa pili. Ikitarajiwa kwamba utafika mwisho wa safari yako ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi kwa sababu ya reli, kifungo huondolewa, na unaruhusiwa kupanda treni nyingine iendayo huko huko, ICE nayo ikiwemo, bila kuongeza hata senti. Programu yenyewe hukuonyesha kwamba kifungo kimeondolewa. Piga picha ya ukurasa huo kabla hujapanda, maana ndani ya behewa mtandao hukatika na mazungumzo na mkaguzi huwa mepesi zaidi ukiwa na kitu cha kumwonyesha.

Mlango huo haufunguki kwa nadra. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo hesabu haimwiti mchelewaji yule ambaye hajafikisha dakika 6, wala haizihesabu treni zilizofutwa kabisa. Kwa hiyo aliyenunua tiketi ya bei ya chini kabisa, yenye masharti magumu kabisa, ana uwezekano mzuri wa kujikuta mchana wa safari akiwa na haki karibu sawa na za yule aliyelipa mara tano yake. Nadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya Wajerumani wengi kuendelea kukata Sparpreis huku wakiilalamikia kampuni hiyo hiyo asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria fidia ya robo ya nauli akifika amechelewa dakika 60, na nusu ya nauli akichelewa dakika 120, isipokuwa pale chanzo kinapokuwa nje kabisa ya uwezo wa reli. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 3. Aliyekata tiketi kwa akaunti yake ndani ya programu anaweza kudai hapo hapo kwa kubonyeza mara chache. Aliyekata kama mgeni bila akaunti ana kazi zaidi, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kufungua akaunti.

Ipo hali moja ambayo Super Sparpreis haifai hata kama bei yake inavutia namna gani, nayo ni safari ya kutoka uwanja wa ndege siku ya kufika. Mgeni anayetua Frankfurt akitokea Zanzibar, Nairobi au Muscat hawezi kujua saa ngapi atamaliza foleni ya pasipoti na kupata masanduku yake, na ndege ikichelewa kosa si la reli, kwa hiyo mlango nilioueleza hapo juu haumhusu. Yapo mashirika ya ndege yanayouza tiketi ya treni iitwayo Rail&Fly pamoja na tiketi ya ndege, na hii haimfungi abiria kwenye treni moja; ni busara kuulizia wakati wa kukata tiketi ya ndege, si baada ya kutua. Vivyo hivyo, anayesubiri viza ya Schengen asikate tiketi isiyorudishwa kabla pasipoti haijarudi mkononi.

Malipo ni rahisi kwa mwenye akaunti ya benki ya Ulaya. Kwa anayelipa kutoka Afrika Mashariki, kadi ya Visa au Mastercard hutosha, ila benki nyingi hutuma msimbo wa uthibitisho kwenye namba ya simu ya nyumbani, na laini ambayo haijafunguliwa huduma ya nje ya nchi haitaupokea akiwa Ulaya. Ni afadhali safari zote zikatwe kabla ya kuondoka, au mwenyeji azilipie na kuandika jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti. Pasipoti hiyo, au kibali cha ukaazi, iwe karibu: tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, polisi hupanda treni za kimataifa, na wengi wetu tunajua ni nani anayeulizwa kwanza ndani ya behewa.

Wapo pia wauzaji wa kati, wenye programu nzuri zinazoonyesha treni za nchi nyingi kwa pamoja. Kwa kulinganisha bei wanafaa sana, lakini sioni sababu ya kuwalipa ikiwa tiketi ileile inapatikana kwa mwenye treni. Wengi huongeza ada, na likitokea tatizo abiria hubaki katikati. Ndugu yangu mmoja alikata kwa muuzaji wa aina hiyo, treni ikafutwa, na dirishani akaambiwa kwamba marejesho ya fedha yanapitia kwa aliyemuuzia, ambaye naye alimjibu kwa barua pepe za mashine mpaka likizo ikaisha. Ukitaka kuvuka mpaka, angalia bei kwenye ncha zote mbili za njia: treni ya Berlin kwenda Praha inauzwa na Deutsche Bahn na pia na České dráhy, shirika la reli la Jamhuri ya Czech, na bei za huko mara nyingi huwa chini kwa safari ileile. Kwa Hispania na Italia, DB Navigator haina msaada mkubwa. Kati ya Madrid na Barcelona wanashindana Renfe, Ouigo na Iryo, na nchini Italia Trenitalia inagombania abiria na Italo, kwa hiyo unafuu upo kwenye tovuti zao wenyewe. Uholanzi, kwa upande mwingine, nauli za kawaida za ndani hazipungui kwa kuwahi kukata, basi usijisumbue.

Je, tiketi za mwezi na zile za nchi nyingi si nafuu zaidi? Inategemea. Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda kuwa 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026, hufungua mabasi, tramu na treni za mikoa kwa nchi nzima, lakini haiingii ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu. Berlin kwenda München kwa treni za mikoa ni safari ya kutwa nzima. Kwa anayekaa mwezi mmoja na kuzunguka miji ya karibu hakuna kinachoishinda. Ila ni usajili unaoendelea, na wa kuufuta hufutwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Kundi la watu hadi 5 wanaozunguka jimbo moja kwa siku moja waangalie tiketi za majimbo kama Bayern-Ticket, ambayo siku za kazi huanza kutumika saa 3 asubuhi. Kuhusu Interrail, pasi ya treni za nchi nyingi za Ulaya, kigezo ni makazi, si pasipoti: Mkenya mwenye kibali cha ukaazi Ujerumani hununua Interrail, na dada yake aliyekuja kutoka Mombasa kwa wiki tatu hununua Eurail. Pasi zote mbili zinalipa kwa anayetaka kubadili mpango kila asubuhi. Anayejua tayari siku zake na miji yake, akijumlisha Sparpreis zake na kuongeza ada za lazima za nafasi katika TGV, treni za mwendokasi za Ufaransa, aghalabu hugundua kwamba pasi ni ghali kuliko tiketi.

Kadi ya BahnCard 25 nayo hupunguza robo ya nauli, hata ya Sparpreis, na gharama yake ya takriban euro 60 kwa mwaka hurudi upesi kwa anayesafiri masafa marefu mara kwa mara. Ipo ya majaribio ya miezi 3, ambayo inamfaa zaidi mwanafunzi wa muhula mmoja. Zote mbili hujihuisha zenyewe zikiisha muda, na ya majaribio hugeuka kuwa kadi ya mwaka mzima; anayeinunua aifute siku hiyo hiyo kwa maandishi, kwani kadi huendelea kufanya kazi hadi tarehe yake ya mwisho.