Tathmini: modeli ya iNJ661 katika kutafuta shabaha za dawa za kifua kikuu

Kwa anayefundisha baiolojia hapa Zanzibar bila ya kuwa na maabara ya kukuzia vijidudu hatari, modeli ya iNJ661, ambayo ni kielelezo cha kompyuta cha umetaboli (mabadiliko ya kikemia ndani ya seli) wa bakteria wa kifua kikuu, inastahili kujaribiwa, ilimradi ajue ni swali gani inalijibu na lipi hailijibu. Mimi huitumia na wanafunzi Tunguu kwenye kompyuta ndogo za kawaida, pamoja na COBRApy, programu ya kuendeshea modeli za aina hii. Zote mbili ni za bure, na faili likishapakuliwa kutoka BiGG, hifadhi ya modeli iliyoko mtandaoni, kazi huendelea hata intaneti ikipotea, jambo ambalo kwetu si dogo.

Modeli hii ilitolewa na Jamshidi na Palsson mwaka 2007, na imebeba jeni 661 kati ya takriban 4,000 za bakteria wa kifua kikuu, yaani zile zinazosimamia umetaboli wake. Kompyuta huelezwa bakteria amepewa chakula gani, kisha hukokotoa kasi ya juu kabisa anayoweza kukua nayo. Ukiiendesha kama ilivyo utapata 0.05 hivi kwa saa, sawa na seli kujigawa mara moja katika saa 13 au zaidi kidogo; ni mwendo wa kobe, lakini ndivyo alivyo bakteria huyu.

Utamu wake uko katika kuzima jeni mojamoja. Ukuaji ukishuka hadi sifuri, kimeng'enya cha jeni hiyo huingia katika orodha ya shabaha, yaani vitu ambavyo dawa inaweza kuvilenga. Ukifunga njia nzima ya kutengenezea asidi za maikoliki, zinazoupa ukuta wa seli nta yake, ukuaji husimama, na mwanafunzi huona mara moja kwa nini isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayokishika kimeng'enya cha InhA katika njia hiyo, inaua. Sijaona somo la ubaoni linalofikisha jambo hili kwa wepesi huo.

Hata hivyo, chakula kilichomo ni cha chupa ya maabara, ilhali ndani ya seli za kinga za binadamu bakteria huishi zaidi kwa mafuta na kolesteroli, na njia ya kuivunja kolesteroli haimo. Kwa hiyo jeni inayoonekana ya lazima hapa huenda isiwe ya lazima mapafuni, na kinyume chake. Rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo haielezeki kabisa kwa modeli hii, kwa sababu hushambulia kimeng'enya cha kunakili jeni, kilicho nje ya umetaboli. Kuhakikisha kwamba binadamu hana kimeng'enya kinachofanana na shabaha ni kazi nyingine, ya kulinganisha mifuatano ya protini, na haifai kurukwa.

Kwa darasa naipa nyota nne kati ya tano. Anayeandika tasnifu aanze na modeli mpya zaidi ya bakteria huyo, iEK1011 ya mwaka 2018, iliyounganisha modeli zilizotangulia na kufikisha jeni 1,011.