Kipimo cha Umoja wa Mataifa cha serikali mtandao, kikitazamwa kutoka Lubumbashi

Kipimo hiki cha serikali mtandao, yaani jinsi serikali inavyotumia intaneti kuwahudumia wananchi, ambacho Umoja wa Mataifa hukitoa kila baada ya miaka 2 kwa nchi zake zote 193, hupatikana bure mtandaoni, na mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuisoma alama ya nchi yake, kuanzia 0 hadi 1. Alama hiyo ni wastani wa mambo matatu yenye uzito sawa: huduma za mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na elimu ya wananchi. Nakisifu kwa uwazi huo.

Hata hivyo, kwa sisi wakazi wa Lubumbashi kina upungufu mkubwa. Sehemu ya huduma hukaguliwa kwa kufungua tovuti za serikali, ilhali katika ofisi moja ya hapa mjini karani huandika maombi kwenye kompyuta, huyachapisha, kisha humtuma mwombaji benki akalipe na kurudi na risiti ya karatasi ili apigiwe muhuri. Safari hiyo yote mkaguzi wa tovuti haioni. Upo pia ukaguzi wa miji, lakini huchagua mji wenye watu wengi zaidi katika kila nchi, na kwetu huo ni Kinshasa.

Kipimo kingine, cha Benki ya Dunia kuhusu teknolojia serikalini, kinachopanga nchi katika makundi manne, huchunguza pia mifumo ya ndani kama hazina na kodi. Kwa mwandishi wa habari au mwanafunzi, napendekeza asome vyote viwili.