Nimerudi kwenye mifarishi, safari hii na mashine ya kompyuta: uzoefu wangu

Mifarishi, yale matandiko ya tabaka tatu (kitambaa cha juu, cha kati na cha chini) zilizoshonwa pamoja, nilikuwa nimeiacha miaka mingi. Kazi za watu zilinibana, sare za shule, madera, vitenge vya harusi, na mfarishi unataka muda na meza kubwa. Sasa nimerudi, na nimerudi na mashine ya kudarizi ya kompyuta, ile ndogo ya nyumbani yenye fremu (ile inayobana kitambaa) ya sentimita 13 kwa 18. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa hapa Dar wanaojiuliza kama inaiweza kazi ya tabaka tatu. Inaiweza, na imenipa raha kubwa. Ila si kwa kila mchoro.

Michoro mingi inayouzwa kwenye flashi imetengenezwa kwa ajili ya nembo na mashati. Ua zima limejazwa uzi, huoni hata upenyo wa kitambaa. Ukiipiga kwenye mfarishi, pale panakuwa pagumu kama kadibodi na pembeni kitambaa kinajikunja. Mfarishi lazima ulale mwilini. Mchoro wake ni ule wa mstari mmoja: sindano inaingilia upande huu, inazunguka, inatokea upande wa pili bila kukata uzi. Mstari unazibana tabaka zote tatu, na katikati ya mistari kitambaa kinatuna kidogo. Huko kutuna ndiko kunakoufanya mfarishi uwe mfarishi. Siku hizi, kabla sijapakia mchoro, naangalia kwanza idadi ya mishono. Kwa fremu yangu, mchoro wa mstari huwa na mishono mia kadhaa, ukizidi sana elfu mbili tatu. Nikiona makumi elfu nauacha.

Ndipo nikaamua kuchora mwenyewe. Kuna programu inaitwa Ink/Stitch, ya bure, inafanya kazi ndani ya Inkscape ambayo nayo ni ya bure. Unachora mstari, unaugeuza kuwa mshono, unapanga urefu wa mshono, halafu unatazama kwenye kioo sindano itakavyopita hatua kwa hatua. Inatoa faili za PES, ambazo ndizo mashine yangu inasoma, na za DST ambazo mashine kubwa za biashara zinatumia. DST haibebi rangi za uzi, lakini kwa mstari wa rangi moja hilo halikusumbui. Mshono wangu ni wa milimita 3, kwa sababu tabaka tatu humeza mshono. Ukiweka mfupi unazama, hauonekani.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni korosho, hii hii ya kwenye khanga. Nilikuwa na khanga za mama, za kiwanda cha Urafiki, pamba tupu, zimelainika kwa kufuliwa. Pindo nikaliacha liwe pindo la mfarishi, mji, ile sehemu ya katikati, nikaukata miraba na kuuchanganya na kitenge. Mstari unaanzia kwenye kikonyo, unapanda mgongoni, unazunguka tumbo. Ukifika kichwani unajipinda kuingia ndani, unachora korosho ndogo ndani ya kubwa, kisha unatokea palepale ulipoingilia na kushuka kwenda kuanza inayofuata. Uzi wa kahawia juu ya mji mwekundu. Mashine ilipomaliza fremu ya kwanza nilipitisha kidole pale palipotuna na nikamwita jirani aje aone!

Tabaka la kati, kwa joto letu, msiweke faiba nene. Hiyo waachieni wanaojaza mito. Mimi natumia flaneli ya pamba, na naifua kabla ya kukata kwa sababu husinyaa. Khanga na kitenge vivyo hivyo, la sivyo nyekundu itatembea mpaka kwenye nyeupe. Sindano namba 90/14. Na kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, jaza uzi uleule wa juu: ule mwembamba mweupe wa kudarizia unafaa shati, ambalo ndani haliangaliwi na mtu, lakini mfarishi hugeuzwa pande zote mbili.

Kazi kubwa ni kuhamisha fremu. Fremu ni ndogo, kitanda ni kikubwa, na korosho ya pili lazima ikutane na ya kwanza bila pengo. Nachapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, naweka msalaba katikati, naulaza juu ya kitambaa na kuchoma pini pale msalabani. Kisha nazungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano iguse alama. Fundi mmoja wa Kariakoo aliniambia, "Dada, fremu ukishaikaza usivute tena kitambaa." Ni kweli kabisa. Ukivuta, kikitoka kwenye fremu kinarudi kilivyokuwa na mchoro unapinda. Tabaka napiga bandi kwa mkono kwanza, yaani nazishikiza kwa mishono mirefu ya muda. Vikwasi nimeviacha, sindano ya mashine ikikutana na kikwasi inavunjika.

Umeme ukikatika katikati ya mchoro, mashine hii inakumbuka ilipoishia. Narudi nyuma mishono michache na kuendelea, na kiungo hakionekani. Stabilaiza ya umeme hata hivyo nunueni, ubao wa umeme wa ndani ya mashine ni ghali kuliko stabilaiza.

Mistari mirefu iliyonyooka na kushona pindo bado nafanya kwa cherehani ya miguu, ni haraka zaidi na mfarishi unapita wote bila kubanwa na fremu. Kwa hiyo msiuze za zamani.

Anayetaka kununua, aende dukani na kipande chake cha tabaka tatu kilichokwisha kupigwa bandi, na mchoro wa mstari kwenye flashi yake. Aombe upigwe pale pale mbele yake, ageuze na nyuma aangalie uzi wa bobini, ndipo atoe hela.